Msumeno wa Nakshi Nyumbani kwa Mwanachama: Matumizi ya Salama na Wajibu wa Chama

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika vyama vyetu vya useremala na kazi za mikono, sehemu kubwa ya kazi haifanyiki katika karakana ya chama. Chama hupokea oda, hununua mbao kwa jumla na kugawa kazi. Kisha kila mwanachama huchukua fungu lake akalifanyie uani kwake, au katika kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba. Utaratibu huu una manufaa. Chama huokoa kodi ya jengo, na mwanachama hupanga saa zake mwenyewe. Lakini una upungufu mmoja ambao hatuna budi kuukabili: mashine ya chama inapohamia nyumbani, jicho la msimamizi halihami nayo.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza matumizi ya salama ya mashine moja inayozidi kuonekana katika vibanda hivyo, yaani msumeno wa nakshi, na kueleza yale ambayo Katibu na Bodi wanapaswa kuyatayarisha kabla mwanachama hajaichukua.

1. Mashine yenyewe

Msumeno wa nakshi si ile jigiso ishikwayo mkononi, wala si bendiso yenye utepe mrefu unaozunguka magurudumu mawili. Huu ni mashine ya kusimama mezani. Una mikono miwili, mmoja juu ya meza ndogo ya chuma na mwingine chini yake, na baina ya mikono hiyo huwambwa bapa jembamba la msumeno, ambalo mafundi huliita bledi. Bledi hiyo kwa kawaida ina urefu wa inchi 5, yaani karibu milimita 130. Mota huipandisha na kuishusha kwa mwendo mfupi wa takriban robo tatu ya inchi. Mashine nyingi zina kitufe cha kurekebisha kasi, kuanzia mapigo kama 400 hata kufikia 1,800 kwa dakika. Nyingi hukata mbao zisizozidi unene wa inchi 2.

Kwa sababu bledi ni nyembamba, fundi aweza kugeuza ubao apendavyo, akafuata majani, maua, herufi na mapindo ya kila namna. Aweza pia kutoboa nakshi katikati ya ubao pasipo kuukata ukingo wake. Kazi ya mbao zilizotobolewa si ngeni kwetu. Anayetaka kuona ilikofika aitazame Zahanati ya Kale katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, jengo lililoanzwa mwaka 1887 kwa gharama ya mfanyabiashara Tharia Topan, lenye roshani za mbao zilizopambwa kwa ustadi mkubwa. Kazi iliyohitaji siku nyingi za msumeno wa mkono, mashine hii huifupisha ikawa ya saa chache.

2. Kwa nini hudharauliwa

Ukweli usemwe: msumeno huu si mkali kama msumeno wa mviringo. Hauurushi ubao kwa nguvu kumwelekea fundi, wala haukati mkono kwa pigo moja. Ndiyo maana mafundi waliozoea mashine kubwa huudharau, na ndiyo maana huachwa wazi sebuleni watoto wakiuchezea. Hata hivyo, mdharau mwiba mguu huota tende. Madhara ya mashine hii ni ya aina nne.

Kwanza ni vidole. Bledi ikatayo mbao ngumu haishindwi na nyama, na kano za vidole ziko karibu sana na ngozi. Pili ni macho, kwa kuwa bledi hukatika mara kwa mara na vipande vyake huruka. Tatu ni mapafu, maana vumbi la mashine hii ni laini mno na uso wa fundi huwa karibu nalo. Nne ni umeme, ambao katika vibanda vyetu huungwa bila utaratibu.

3. Mahali pa mashine na umeme wake

Mashine isiwekwe juu ya sanduku wala meza inayoyumba. Ifungwe kwa bolti juu ya meza nzito, na chini yake kuwekwe kipande cha mpira ili kupunguza mtetemo. Urefu wa meza uwe kiasi cha fundi kufanya kazi bila kuinamisha shingo, akiwa amesimama au amekaa kwenye stuli imara. Mwanga utoke upande, usimpige fundi machoni wala usiangushe kivuli cha mkono wake juu ya mstari anaoukata.

Kabla ya kuunga umeme, kisomwe kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Mashine nyingi za mitumba zinazotoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, mota huungua na pengine kuwasha moto. Mashine ya namna hiyo haina budi kupata transfoma yenye uwezo unaoizidi mota. Katibu asikubali kulipia mashine yoyote kabla kibati hicho hakijasomwa na namba zake kuandikwa kwenye hati ya manunuzi.

Plagi iwe ya miguu mitatu, na waya wa ardhi uungwe na fundi umeme aliyesajiliwa. Waya wa kuongezea usipite penye maji wala chini ya mkeka, na usiwe ule mwembamba wa taa. Swichi iwe mahali ambapo mkono huifikia bila kupita mbele ya bledi. Mashine yenye kanyagio la mguu ni bora zaidi, kwa sababu fundi akiondoa mguu, bledi husimama.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya watengenezaji hulitaja kwa uchache, lakini kwetu ni la kila wiki: kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika mashine husimama kimya, na fundi husahau kwamba swichi bado imewashwa. Unaporudi, mashine nyingi huanza kukata papo hapo. Basi iwe kanuni isiyovunjwa: umeme ukikatika, zima swichi kwanza, chomoa plagi pili, kisha ndipo ukae kungoja.

4. Bledi: kuichagua na kuifunga

Bledi huuzwa kwa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bledi inavyokuwa nene. Kwa ubao wa robo tatu ya inchi, namba 5 hadi 7 hufaa. Ubao mwembamba wahitaji bledi ya meno madogo yaliyosongamana, ili daima yawepo meno yasiyopungua matatu ndani ya unene wa ubao. Meno yakiwa machache kuliko hayo, ubao hunaswa na kurukaruka.

Meno ya bledi yaelekee chini. Hili si jambo la mazoea tu. Meno yaelekeayo chini huukandamiza ubao juu ya meza kila bledi inaposhuka. Bledi ikifungwa kinyume, kila pigo huunyanyua ubao na kuubamiza tena mezani, na vidole vilivyo chini yake hupondwa. Asiyeona vizuri meno apitishe kipande cha kitambaa juu na chini ya bledi. Kitanasa kinapovutwa kinyume cha meno. Asitumie kidole.

Kufunga bledi kuna utaratibu wake:

(a) Zima swichi na uchomoe plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

(b) Legeza mkazo wa mkono wa juu, funga ncha ya chini ya bledi, kisha ya juu. Hakikisha imesimama wima na haikupinda.

(c) Kaza. Bledi iliyokazwa sawasawa ikiguswa kwa ukucha ubavuni hutoa mlio mwembamba ulio wazi, kama uzi wa zeze. Ikitoa mlio mzito imelegea, nayo itayumba, itaiharibu nakshi na kukatika. Ikikazwa kupita kiasi itakatika pia.

(d) Zungusha mota kwa mkono mara moja, kama mashine inaruhusu, uone kwamba hakuna kinachogusana. Ondoa spana na vipande vyote mezani. Hapo ndipo uirudishe plagi.

Bledi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu humlazimisha fundi kuusukuma ubao, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Kazi ikianza kutoa harufu ya kuungua, au ubao ukihitaji nguvu, badilisha bledi. Bei ya bledi ni ndogo. Chama kizinunue kwa jumla na kuzigawa pamoja na mbao, ili mwanachama asishawishike kuitumia iliyochoka kwa kuokoa senti.

5. Wakati wa kukata

Teremsha mguu wa kukandamiza, yaani kile kipande cha chuma kinachoushika ubao karibu na bledi, ukaguse ubao kwa wepesi. Mafundi wengi hukiondoa kwa madai kwamba kinaziba mstari. Wajue kwamba ndicho kinachouzuia ubao usinyanyuliwe bledi inaponaswa. Kama kinaziba, kirekebishwe, kisitupwe.

Mikono yote miwili iwe juu ya ubao, ubavuni mwa bledi, na vidole visikae katika njia ya bledi hata kwa nukta moja. Inchi 2 baina ya kidole na bledi ni umbali unaofaa kuzoewa. Kipande kidogo kisichoweza kushikwa kwa umbali huo kisikatwe peke yake: ama kikatwe kikiwa bado sehemu ya ubao mkubwa, ama kibandikwe kwa utepe wa gundi juu ya ubao chakavu, vikatwe pamoja.

Ubao usogezwe polepole, bledi iachiwe ifanye kazi yake. Kwenye kona, geuza ubao kuizunguka bledi. Usiisukume bledi ubavuni. Kasi ndogo hufaa kwa mbao ngumu kama mpingo na kwa nakshi ndogondogo. Mbao laini na mistari mirefu zaweza kwenda kwa kasi kubwa zaidi.

Bledi ikikatika, usinyooshe mkono kuushika ubao wala kutafuta kipande. Zima, ngoja mkono wa mashine usimame kabisa, kisha chomoa plagi. Kipande cha bledi kilichobaki kwenye mkono unaotembea huchoma kama sindano.

Kwa nakshi ya ndani, toboa kwanza tundu kwa keekee au drili, chomoa plagi ya msumeno, legeza ncha ya juu ya bledi, ipitishe katika tundu, ifunge na kuikaza upya. Kazi yenye matundu 40 yataka kurudia hayo mara 40. Hapa ndipo uvumilivu hupotea, na fundi huanza kuruka hatua ya kuchomoa plagi. Njia nzuri ni kutoboa matundu yote kwanza, kuweka plagi karibu na mkono, na kupumzika kila baada ya nusu saa.

6. Mavazi na vumbi

Fundi asivae kanzu, shuka, kanga iliyoning'inia wala shati la mikono mirefu isiyofungwa. Pete, bangili na saa viondolewe, na nywele ndefu zifungwe. Glavu zisivaliwe wakati wa kukata, kwa kuwa hupunguza hisia ya vidole na nyuzi zake hunaswa. Miwani ya kinga ni lazima, na miwani ya kusomea haitoshi, maana pande zake zi wazi.

Kuhusu vumbi, wanachama wengi hulihesabu kuwa uchafu tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Zaidi ya hayo, vumbi la mvule na la mpingo hujulikana kwa kuwasha ngozi na kuziba pumzi za watu wengine. Mbao za kubandikwa kwa gundi, kama zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, hutoa vumbi lililochanganyika na kemikali za gundi.

Mashine nyingi zina kijibomba cha kupuliza hewa ili mstari uonekane. Tukumbuke kwamba vumbi lililopulizwa halikutoweka: limehamia hewani, na hewa hiyo fundi huivuta. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini. Fundi avae barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95, afanye kazi penye upepo unaopita, na afagie baada ya kunyunyiza maji kidogo mbali na mashine. Chumba cha kulala kisiwe karakana. Mtoto anayelala juu ya vumbi la mbao huumia pasipo kuigusa mashine.

7. Huduma ya kwanza

Jeraha likitokea, zima mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uunyanyue mkono juu. Kipande cha kidole kikikatika, kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Nyama yenyewe isigusane na barafu. Kitu kikichoma jicho, kisichomolewe na jicho lisisuguliwe. Lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kila aliyejeruhiwa aulizie chanjo ya pepopunda.

8. Wajibu wa chama

Sasa tuje katika sehemu inayomhusu Katibu na Bodi. Katika chama kimoja nilichokikagua, mwanachama alichukua msumeno wa nakshi kwa mkopo wa chama ili atimize fungu lake la oda ya fremu. Umeme ulikatika. Akautumia muda huo kubadilisha bledi, swichi ikiwa imewashwa na plagi ikiwa mahali pake. Umeme ukarudi akiwa ameshika ncha ya juu, na bledi ikamkata kano ya kidole cha shahada. Hakushika kazi kwa muda wa wiki sita. Oda ikachelewa, mnunuzi akapeleka salio kwingine, na marejesho ya mkopo yakasimama. Mkutano Mkuu ulipokutana kuamua, wanachama waligawanyika: wengine walisema amejiumiza kwake, wengine walisema ameumia kwa kazi ya chama. Masharti ya chama hayakuwa na neno lolote, na daftari la mikopo halikuonyesha hata kama alifundishwa kuitumia mashine. Mkopo uliahirishwa, lakini manung'uniko hayakuahirishwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humhudumia mwajiriwa aliyeumia kazini. Mwanachama anayefanya kazi kwake kwa mkono wake mwenyewe hawi mwajiriwa wa chama kwa sababu ya uanachama peke yake. Chama kilichoajiri fundi au kibarua kina wajibu wa mwajiri kwake, pamoja na ule uliowekwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini kwa mwanachama aliye nyumbani, kinga hiyo haipo mpaka chama chenyewe kiitengeneze. Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo:

(i) Mashine inunuliwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa, nayo iandikwe katika rejesta ya mali ikiwa na namba yake, volti zake na jina la mwanachama aliyenayo.

(ii) Mwanachama asikabidhiwe mashine kabla ya kuonyesha, mbele ya fundi mzoefu, kwamba anaweza kufunga bledi, kutoboa nakshi ya ndani na kuzima umeme ukatikapo. Wote wawili watie sahihi.

(iii) Mashine ikabidhiwe pamoja na miwani, barakoa na bledi za akiba, na gharama zake ziingizwe katika bei ya oda.

(iv) Lifunguliwe daftari la ajali, lenye tarehe, jina, jeraha, sababu na hatua zilizochukuliwa. Hata jeraha dogo liandikwe, kwa maana majeraha madogo matatu ya sababu moja ni taarifa ya lile kubwa linalokuja.

(v) Mkutano Mkuu uamue mapema, kabla ya ajali, kama sehemu ndogo ya malipo ya kila oda itengwe kuwa mfuko wa kusaidiana, na kama marejesho ya mkopo yataahirishwa kwa mwanachama aliyeumia. Uamuzi uingizwe katika masharti kwa utaratibu wa sheria.

(vi) Vijana wenye umri chini ya miaka 18 wasipewe kazi ya mashine hii ili kumpunguzia baba au mama yao mzigo wa oda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtoto kuajiriwa mahali penye hatari, na chama kisiwe mlango wa nyuma wa kuikwepa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni karatasi, na kwamba fundi hodari hafundishwi na daftari. Ustadi wa mafundi wetu siutilii shaka. Lakini yule aliyekatwa kano alikuwa fundi hodari. Hakukosa ustadi, alikosa mazoea ya kuchomoa plagi. Mazoea hujengwa kwa kanuni inayorudiwa, na kanuni hurudiwa pale ambapo yupo anayeuliza. Katibu amtembelee kila mwenye mashine angalau mara moja kwa robo mwaka, aione meza, plagi na mguu wa kukandamiza kwa macho yake. Nami nitakapofika katika ukaguzi, baada ya leja na stakabadhi, nitaomba nionyeshwe daftari la ajali.

Mtaji wa kwanza wa chama cha mafundi si mbao wala mashine, ni mikono ya wanachama. Mbao hununuliwa, na mashine hukopwa. Mkono haukopeshwi na chama chochote. Tuulinde.